Kukata majani nyumbani: kwa nini huyu anataka elfu 20 na yule elfu 60

Masika yakishakolea Dar es Salaam, magrupu ya WhatsApp ya mitaa hupata mada mpya. Mtu anaandika: "Jamani, kukata majani siku hizi ni bei gani? Fundi kaniambia elfu 60, na nyumba yenyewe ya kawaida tu." Majibu yanamiminika. Wa Tegeta anasema yeye hutoa 20,000. Wa Mbezi Beach hutoa 50,000 na hana neno. Wa tatu anaufunga mjadala kwa neno moja: "Umepigwa."

Huenda kapigwa kweli. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba watu hawa hawazungumzii kazi moja, na hakuna aliyeuliza majani yenyewe yamefika wapi, yapo mita ngapi, na taka anazitoa nani. Kila mmoja kataja namba iliyotoka mfukoni mwake, basi. Upande wa mafundi nako hali si nzuri zaidi: wengi wanataja bei kwa kukisia, wengine kwa kuangalia geti, na wachache sana wanaweza kukuambia 30,000 unayowapa inaishia wapi.

Tuanze na majina ya kazi, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Kukata ni kupunguza urefu wa majani ambayo tayari ni bustani. Fundi anapita na mashine, anaondoka. Kusafisha ni zaidi ya hapo: anakata, ananyoosha kingo kwenye pevingi na kando ya ukuta, anakusanya kwa reki, anafagia kwa fagio la chelewa na kujaza viroba. Kufyeka ni kazi ya pori, yale majani ya kiunoni kwenye kiwanja ambacho mwenyewe yuko safari au nyumba imekaa miezi bila mpangaji. Halafu kuna matunzo, yaani makubaliano ya mwezi au mwaka yanayoweza kubeba kukata, kupalilia, kupogoa michongoma, kuweka samadi na hata kumwagilia. Wa Tegeta na 20,000 yake anakatiwa tu. Wa Mbezi Beach anasafishiwa mpaka mtoto anaweza kukaa chini na kula. Aliyeambiwa 60,000, nikisoma ujumbe wake vizuri, anahitaji kufyekewa, ila hataki kukubali kwamba bustani yake imeshakuwa pori.

Sasa suala la ukubwa. Mtu akikuambia kiwanja chake ni 20 kwa 20, hiyo ni mita za mraba 400, takriban sehemu ya kumi ya heka. Lakini fundi hakati kiwanja, anakata majani. Toa nyumba, toa pevingi ya kuegeshea gari, toa banda la mlinzi na sehemu ya kuanikia nguo, unaweza kubaki na mita 120 za majani zilizogawanyika vipande vinne. Vipande vinne vyenye kona, maua, miti na mabomba vinachosha kuliko uwanja mmoja wazi wa mita 200. Mashine ya kusukuma kwa magurudumu haiingii kwenye kona. Inabidi ile ya kuvaa begani, na hiyo inakwenda polepole, hatua kwa hatua. Ndiyo maana nyumba mbili zenye hati za ukubwa uleule zinaweza kupishana bei bila mtu yeyote kuwa mwizi. Kinyozi hahesabu nywele. Mwenye upara nusu na mwenye nywele tele wanalipa sawa, kwa sababu wote wamekalia kiti muda uleule. Fundi wa majani naye anauza muda, na muda wake unaanza anapofunga geti la kwake, si anapowasha mashine kwako.

Tuingie kwenye hesabu yenyewe. Namba zifuatazo ni za mfano, na kila fundi aweke za kwake, ila mpangilio ndio huu. Chukua nyumba yenye mita za mraba 300 za majani yaliyotunzwa. Wanakuja wawili, fundi na msaidizi, wamebeba mashine ya begani. Kazi inachukua saa mbili na nusu, na mashine inanguruma saa moja na nusu kati ya hizo.

Petroli lita moja na nusu, kwa 3,000 kila lita, ni 4,500. Mashine hizi nyingi hula petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Zile zinazotaka mchanganyiko wa 25 kwa 1 zinahitaji mililita 40 za oili kwa kila lita, kwa hiyo hapa ni mililita 60, ambazo kwa oili ya 14,000 kwa lita ni kama 800. Kamba ya nailoni inayokata majani huisha kadiri inavyogonga ukuta na pevingi, weka 1,500. Bodaboda kwenda na kurudi, na mashine imelazwa mapajani, 6,000. Msaidizi 8,000. Kumpa mzoa taka achukue viroba, 2,000.

Kuna kipengele kimoja kimebaki, nacho ndicho kinachoua biashara nyingi za aina hii: mashine yenyewe. Tuseme ilinunuliwa 450,000 na itafanya kazi saa 400 kabla haijachoka kabisa. Kila saa inayonguruma imekula zaidi ya 1,100 ya bei yake. Kwa saa moja na nusu ni kama 1,700, ongeza kidogo kwa ajili ya plagi na filta ya hewa, inafika 2,000. Hiyo 2,000 hakuna anayeidai leo. Haina risiti, haina bodaboda anayesubiri chenji. Kwa hiyo inaliwa. Miezi inakwenda, siku moja mashine inagoma kuwaka, fundi wa kabureta anatikisa kichwa, na mwenye mashine anagundua kwamba aliyoiita faida ilikuwa mashine yake iliyokatwa vipande vidogovidogo akala.

Jumla ya yote hayo ni 24,800.

Kwa bei ya 30,000, fundi anabaki na 5,200. Ukiongeza saa moja ya barabarani, ametumia saa tatu na nusu, kwa hiyo kila saa imemlipa kama 1,500, na bado hajahesabu siku za mvua ambazo hakuna kazi, wala kodi. Kwa 40,000 anabaki na 15,200. Tazama hapo: mteja ameongeza theluthi moja ya bei, fundi amepata karibu mara tatu. Na ukishusha kutoka 40,000 hadi 30,000 kwa kubembeleza tu, humpunguzii robo ya kipato chake. Umemwondolea theluthi mbili. Petroli haikubembelezeka, bodaboda hakubembelezeka, kilichokatwa ni cha kwake peke yake.

Na yule wa 20,000? Kwa kazi hii hii anatoa mfukoni 4,800. Hataona leo, kwa sababu pesa iliyo mkononi ni nzima. Ataona kwa njia nyingine: atakuja peke yake bila msaidizi, ataacha viroba nyuma ya nyumba, atakwepa kingo, au siku moja simu yake haitapatikana tena. Simaanishi kwamba 20,000 ni bei ya uongo siku zote. Fundi anayeishi mtaa wa pili, anayekuja kwa miguu, kwenye majani ya mita 100 ambayo taka zake zinabaki palepale, anaweza kula vizuri tu kwa bei hiyo. Ndiyo sababu kumtajia fundi bei ya jirani bila kueleza mazingira ya jirani hakumwambii chochote.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wenyewe hulichanganya. Ile 15,200 iliyobaki si faida yote. Sehemu yake ni ujira wa fundi, kwa kuwa naye kafanya kazi kama msaidizi, tena zaidi. Jiulize: kama asingekuwepo, angemlipa nani kushika mashine, na kiasi gani? Tuseme 10,000. Basi ujira ni 10,000 na faida ya biashara ni 5,200. Ujira unakwenda nyumbani kununua unga na kulipa ada. Faida inabaki kwenye biashara, ndiyo itakayonunua mashine ya pili. Anayevila vyote viwili atabaki kuwa na kibarua cha kujiajiri, hata akichapisha kadi za biashara zenye rangi.

"Anaangalia geti"

Tuhuma hii ina ukweli ndani yake, nisiwafiche. Wapo mafundi wanaotaja bei baada ya kuona gari lililoegeshwa. Ila wakati mwingine kinachoonekana kama bei ya geti ni bei ya hatari. Mashine ya begani hurusha mawe. Nimemwangalia fundi mmoja wa Goba anavyoanza kazi: hawashi kwanza. Anatembea bustani nzima taratibu, anapapasa majani kwa kisigino cha buti, anaokota kokoto, kipande cha waya, kifuniko cha soda, gurudumu la gari la kuchezea. Akikuta bomba la maji limejificha anachomeka kijiti pembeni yake. Halafu anaomba gari lisogezwe au lifunikwe turubai. Dakika 15 zimekwisha na hajakata jani hata moja. Mwenye nyumba akichungulia dirishani anaweza kudhani anavutavuta muda, kumbe analinda kioo chake cha gari na mfuko wake mwenyewe. Kioo kimoja cha nyuma kinaweza kumeza malipo ya nyumba nyingi. Nyumba yenye magari matatu na milango ya vioo mpaka chini ina hatari kuliko nyumba yenye ukuta mtupu, na fundi mwenye akili anaiweka hatari hiyo kwenye bei.

Njia rahisi ya kujua kama bei ni ya kazi au ya geti ni kumuuliza fundi ndani ya bei hiyo mna nini. Anayejua kazi yake atajibu bila kusita: watu wawili, kingo zimo, taka nazitoa mimi au hazimo. Wa geti atashusha bei kabla hujamaliza swali.

Kwa nini pori ni ghali

Wengi wanadhani wakikaa miezi mitatu bila kukata wameokoa pesa za miezi mitatu. Kwa majani, akiba hiyo haipo. Majani ya wiki mbili yanakatwa kwa mpito mmoja. Yaliyofika gotini yanakatwa mara mbili, kwanza juu, kisha chini, maana nailoni hujisokota na mashine hupaliwa. Petroli inaongezeka, kamba inaisha haraka, na viroba viwili vinakuwa kumi. Kama yamelowa mvua, ni matope ya kijani yanayoganda kwenye kikinga cha mashine na kila dakika chache lazima fundi asimame ayakwangue. Kwa hiyo mtu wa kukata kila wiki mbili kwa 35,000 na mtu wa kufyeka mara moja kwa 90,000 wanaweza kuwa wanalipa bei moja kwa kila saa ya kazi.

Wengine hutafuta akiba kwa njia ya pili: "Kata chini kabisa, nisikuite mapema." Fundi atakubali, maana mteja ni mfalme, lakini ushauri huo unaharibu bustani. Kanuni inayofahamika kwa watunza bustani ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka majani yako yakae sentimita 4, yakate yakifika 6. Ukiyanyoa mpaka udongo uonekane, jua la Januari linachoma vikonyo, mizizi inadhoofika, na nafasi iliyo wazi inachukuliwa na magugu, hasa ndago. Na ndago haiondoki kwa kukatwa. Chini ina vinundu vinavyochipua upya, kwa hiyo inang'olewa kwa mkono, vinundu vyake vikifuatwa udongoni, na kazi hiyo hulipwa kwa siku. Uliyeokoa mkato mmoja sasa unalipa vibarua.

Aina ya majani nayo ina sauti. Majani ya Pemba, yale ya jani pana, yanavumilia kivuli cha miembe. Paspalamu inavumilia maji ya chumvi, jambo la maana kwa nyumba nyingi za pwani zinazomwagilia kwa kisima, ila hufumana kama mkeka na kuitaabisha mashine dhaifu. Huko Arusha na nyanda za juu za Kenya wanapenda majani ya Kikuyu, ambayo asili yake ni huku huku nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo yako mpaka Australia. Mvua ikiyapata hayana subira, na fundi wa huko anajua kabisa kwamba mteja mwenye majani ya Kikuyu ni mteja wa mara kwa mara.

Bei ya mwezi na manung'uniko yake

Makubaliano ya mwezi yanaleta maneno mengi kuliko bei ya mara moja, na mara nyingi pande zote mbili zina haki ya kununa kwa kuwa hakuna aliyeelezwa hesabu.

Tuseme bustani yako inahitaji kukatwa mara mbili kwa mwezi wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Miezi mingine sita, mara moja inatosha. Hiyo ni mara 12 na mara 6, jumla 18 kwa mwaka. Kwa 35,000 kila mara ni 630,000. Gawa kwa 12, unapata 52,500 kila mwezi.

Mwezi wa saba fundi amekuja mara moja tu, na wewe unatakiwa kutoa 52,500. Lazima uone umeibiwa. Lakini Aprili alikuja mara mbili, kazi ya 70,000, akachukua 52,500 ileile. Malipo ya mwezi yanasawazisha tu: wewe hupati mshtuko msimu wa mvua, yeye halali njaa kiangazi. Kinachotakiwa kuandikwa, hata kwa ujumbe wa simu, ni idadi ya mara kwa mwaka na nini kinafanyika miezi mikavu. Wengi huijaza miezi hiyo kwa kupogoa ua na kuandaa samadi kabla ya vuli. Na atakayevunja makubaliano mwezi wa sita baada ya kula masika yote kwa bei ya wastani ajue kwamba ana deni; fundi mjanja huweka sharti hilo mwanzoni.

Kuna anayeuliza, si bora kuajiri mtunza bustani wa kudumu? Kama una kazi ya kutwa, bustani kubwa, mifugo na gari la kuosha, ndiyo. Kama una mita 150 za majani, utakuwa unamlipa mtu mshahara wa mwezi kwa kazi ya siku mbili, juu yake michango ya NSSF, chakula, na pengine chumba. Halafu bado utanunua mashine. Nyumba ndogo kabisa, kwa upande mwingine, haihitaji mashine wala fundi: kibarua mwenye fyekeo na mkasi anaimaliza asubuhi moja, na hakuna aibu yoyote.

Njia za kupunguza bei bila kumnyonga fundi zipo, na iliyo bora inawahitaji majirani. Nyumba tatu za mtaa mmoja zikikubaliana siku moja, ile 6,000 ya bodaboda inagawanyika kuwa 2,000 kila nyumba. Fundi anaweza kuwashushia 4,000 kila mmoja na asipoteze hata senti. Hapo bado hatujahesabu msaidizi, ambaye akilipwa kwa kutwa gharama yake nayo inagawanyika. Nyingine ni kuacha vipande vya majani palepale, mradi ni vifupi na vimetawanywa: vinaoza na kurudisha rutuba kwenye udongo, na bei ya viroba inatoka. Kumnunulia fundi petroli mwenyewe ndiyo njia ambayo watu huipenda na ndiyo isiyo na maana sana. Utapunguziwa hiyo 4,500 uliyoitoa kituoni, na juu yake umepanga foleni na dumu mkononi.

Tukiwa kwenye petroli, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila inapopanda, ujumbe wa fundi haukawii: "Boss, mafuta yamepanda, sasa ni elfu 50." Fanya hesabu naye palepale. Petroli ikipanda 300 kwa lita, nyumba ya lita moja na nusu imeongezeka 450. Bodaboda naye akiongeza 1,000 kila safari, kwenda na kurudi ni 2,000. Mnafika 2,450. Ikiwa anahitaji 10,000 zaidi, pengine anayo sababu, na pengine ni sababu nzuri: mashine imechoka, msaidizi kadai nyongeza, au aligundua siku nyingi kwamba bei ya zamani ilikuwa inamla. Mwambie aitaje hiyo.